Pamba ya Leo Isipigiwe Hesabu kwa Dola ya Juzi

Msimu wa pamba unapofunguliwa Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, jambo la kwanza linaloulizwa ni bei. Mkulima anauliza bei, karani wa chama cha msingi anauliza bei, na mwenye lori anayengoja mzigo wa kupeleka kiwandani naye anauliza bei. Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo ni zito zaidi: bei hiyo imepigiwa hesabu kwa dola ya siku gani?

Swali hilo si la wasomi. Katika miaka ya karibuni kompyuta ndogo zimeingia katika ofisi za wanunuzi, za vyama vya ushirika na hata katika vyumba vya nyuma vya maduka ya nafaka. Kijana mmoja anayejua kompyuta huandika programu fupi, inayoitwa skripti, inayosoma faili la mizani, kujumlisha kilo, kuzidisha kwa bei na kutoa taarifa ya wiki. Kazi iliyokuwa ikichukua siku mbili inamalizika kwa dakika moja. Hayo ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyabeza.

Tatizo limejificha ndani ya skripti zenyewe. Nyingi zimeandikwa kwa namna moja: kiwango cha dola, bei ya pamba katika soko la dunia, uwiano wa nyuzi na gharama za kiwanda vyote vimekazwa humo ndani kama misumari. Kijana aliyeiandika akihamia Mwanza au Dar es Salaam, skripti inabaki ikifanya kazi, na tarakimu zake zinabaki za siku aliyoondoka. Kila Ijumaa taarifa inatoka safi, ina mistari na majumla, na hakuna anayejua kuwa imebeba dola ya miezi 3 iliyopita.

Hesabu yenyewe

Ili uzito wa jambo hili uonekane, inafaa kupiga hesabu moja ya mfano.

Bei ya pamba nyuzi katika soko la dunia hutajwa kwa senti za dola ya Marekani kwa ratili. Kilo moja ni ratili 2.2046. Ikiwa mnunuzi anategemea kupata senti 80 kwa ratili, basi kilo moja ya nyuzi itampa dola 1.76. Kiasi hicho huzidishwa kwa kiwango cha kubadilisha fedha ili kupata shilingi, kisha huzidishwa kwa uwiano wa nyuzi, yaani sehemu ya pamba mbegu inayobaki kuwa nyuzi baada ya kuchambuliwa. Mwisho hutolewa gharama za uchambuzi, usafiri, ushuru na riba, baada ya kuhesabu kinachopatikana kwa kuuza mbegu.

Chukua dola kwa Sh 2,600, uwiano wa nyuzi asilimia 36, na gharama za Sh 550 kwa kila kilo ya pamba mbegu. Jibu ni Sh 1,101. Hiyo ndiyo bei ambayo mnunuzi akiivuka anaanza kula mtaji wake. Kama bei dira ya msimu katika mfano huu ni Sh 1,050, mnunuzi anaona ana faida ya Sh 51 kwa kilo. Anapakia lori la tani 10 akiamini kuwa amepata kama Sh 510,000.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Dola si Sh 2,600 tena bali ni Sh 2,400. Jibu linakuwa Sh 974. Kwa bei dira ile ile, faida ya Sh 51 imegeuka hasara ya Sh 76 kwa kilo, na lori lile lile la tani 10 limebeba hasara ya Sh 760,000. Tofauti kati ya alichoamini na kilichopo ni Sh 1,270,000 kwa lori moja. Mnunuzi mdogo anayepeleka malori 5 kwa wiki hafiki mwisho wa mwezi.

Mabadiliko ya namna hiyo si ya kubuni. Mwaka 2024 shilingi ilikuwa ikielea karibu na 2,700 kwa dola mwezi Oktoba, na kabla Desemba haijaisha ilikuwa imeimarika hadi karibu na 2,400. Bei ya nyuzi nayo haina adabu. Mwezi Machi 2011 ilipita senti 200 kwa ratili. Mwaka 2022 ilikuwa juu ya senti 150 mwezi Mei, na ilipofika Novemba ilikuwa imeporomoka hadi karibu na senti 100. Aliyekaza tarakimu ya Mei ndani ya skripti na kuitumia hadi Novemba hakuwa na programu ya biashara, alikuwa na kalenda ya zamani ukutani.

Urithi wa bei moja

Tabia ya kukaza tarakimu haikuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi kabla ya mwaka 1994 pamba ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na vyama vya ushirika au vyombo vya umma, na bei ilitangazwa na serikali kabla ya msimu. Karani aliandika bei hiyo juu ya jalada la daftari, akaitumia kutoka mzigo wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuwa sahihi, kwani bei haikubadilika na dola haikumhusu.

Mambo yamebadilika mara mbili tangu hapo. Mwaka 1992 maduka ya fedha za kigeni yaliruhusiwa, na thamani ya shilingi ikaanza kuamuliwa na soko. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Ni kweli kwamba leo kuna bei dira inayotangazwa mwanzoni mwa msimu, na kwamba tangu 2018 pamba hupitia kwa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Hata hivyo bei dira ni sakafu ya mkulima. Haimwambii mnunuzi kama atapona.

Msimu wa 2019 ni ushahidi wa kutosha. Bei dira ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa fedha zao. Aliyeumia kuliko wote hakuwa na kompyuta wala hisa. Alikuwa na pamba iliyokwisha pimwa, stakabadhi mfukoni, na ada ya shule iliyokuwa ikimngoja. Hesabu mbovu ya mnunuzi humfikia mkulima kwa njia hiyo.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuachana na urithi wa bei ya jaladani. Katika skripti yoyote ya biashara kuna mambo ya aina mbili. Kuna yasiyobadilika: kilo ni ratili 2.2046, na njia ya kuzidisha na kutoa ni ile ile. Hayo yakae ndani. Kuna yanayobadilika kila wiki au kila mzigo: dola, bei ya nyuzi, uwiano, gharama, jina la kituo na tarehe. Hayo yakae nje, na yakabidhiwe kwa skripti kila inapoitwa kufanya kazi.

Amri itamke majina

Namna ya kuyakabidhi ni ya zamani na haina gharama. Tangu miaka ya 1970, mfumo wa Unix ulipokuwa ukitengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani, mtumiaji aliweza kuandika jina la programu na kufuatisha vigezo katika mstari ule ule wa amri. Lugha ya Python, iliyotolewa kwa umma na Guido van Rossum mwaka 1991, ina zana ya kazi hiyo iitwayo argparse. Lugha ya R, wanayoipenda watu wa takwimu, nayo inapokea vigezo hivyo. Zote hupatikana bure na hufanya kazi hata katika kompyuta iliyonunuliwa mtumba.

Mwandishi wa skripti ana njia mbili. Ya kwanza ni ya mkato:

python3 bei.py 2400 80 36 550

Ya pili ni ndefu:

python3 bei.py --dola 2400 --senti 80 --nyuzi 36 --gharama 550

Vijana wengi huchagua ya kwanza kwa kuwa inaandikwa upesi. Mfanyabiashara aidai ya pili. Katika ya kwanza, maana ya tarakimu inategemea mahali ilipokaa. Karani aliyechoka saa mbili usiku akibadilisha nafasi ya 36 na 550, kompyuta haitalalamika, itapiga hesabu tu. Katika ya pili kila tarakimu imetajwa jina lake, na hata zikipangwa kinyume jibu ni lile lile.

Anayedhani hilo ni jambo dogo akumbuke yaliyotokea Tokyo tarehe 8 Desemba 2005. Kampuni ya Mizuho Securities ilipewa kazi ya kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Aliyeingiza amri akaigeuza: hisa 610,000 kwa yeni 1 kila moja. Kompyuta ilitoa onyo, onyo likapitwa. Walipojaribu kuifuta amri hiyo, mfumo wa soko la hisa haukuifuta. Hasara ilifika takribani yeni bilioni 40, na kesi kati ya kampuni na soko la hisa ikaendelea kwa miaka. Tarakimu zote mbili zilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mahali pa kuziweka.

Hata hivyo kosa la Tokyo lilikuwa na heri moja: lilikuwa kubwa mno kufichika. Karani wa Lalago akiandika uwiano wa nyuzi kama 36 pale skripti inapotaka 0.36, atapata bei ya zaidi ya Sh 150,000 kwa kilo, na kila mtu ofisini atacheka. Kosa la hatari ni lile lisilochekesha. Uwiano wa 36 ukibaki ndani ya skripti wakati mzigo uliopo unatoa 34, bei inapotoka kwa Sh 85 hivi kwa kilo, na taarifa inaonekana ya kawaida kabisa. Uwiano huo hutofautiana kwa mbegu na kwa msimu. Mbegu ya UK91 iliyozoeleka kwa miaka mingi na ile ya UKM08 iliyotoka baadaye, zote za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hazitoi nyuzi kwa kiasi kimoja. Pamba iliyochanganywa na mchanga au maji nayo hudanganya. Kigezo hicho hakistahili kabisa kukazwa ndani.

Skripti iwe na haki ya kukataa

Wapo wanaokubali kutoa vigezo nje lakini wanaacha tarakimu za akiba ndani, ili karani akisahau kuandika dola skripti itumie ya zamani. Wanaona ni huruma, kumbe ni mtego. Kwa mambo kama jina la faili la kutolea taarifa, akiba haina madhara. Kwa dola, bei ya nyuzi na uwiano, akiba isiwepo kabisa. Karani akisahau, skripti isimame na kusema: kiwango cha dola hakikutajwa, hesabu haijafanyika. Afadhali taarifa ichelewe saa moja kuliko itoke kwa wakati ikiwa na uongo.

Aidha skripti iwe na mipaka ya akili. Uwiano wa nyuzi ukiwa chini ya 30 au juu ya 45, iulize. Dola ikiwa imetofautiana na ya wiki iliyopita kwa zaidi ya asilimia 5, iulize. Na onyo lisipitwe kwa kubonyeza kitufe kimoja, kwani Tokyo imeonyesha mwisho wake.

Kuna mtego mwingine ambao wanunuzi waujue. Watanzania huandika elfu mbili na mia nne kama 2,400, wakiweka mkato. Zana ya awk, ambayo mafundi wengi huitumia kujumlisha mafaili ya mizani, ikikutana na 2,400 huisoma kama 2 na kuacha yaliyobaki, bila kusema neno. Kilo 10,500 zitakuwa kilo 10. Python kwa upande wake hugoma, na kugoma huko ni bora. Kadhalika jina la kituo lenye maneno mawili huhesabiwa kuwa vigezo viwili kama halikufungwa kwa alama za kunukuu. Haya ni mambo ya kujaribiwa kabla ya msimu, wakati foleni ya mizani haijaanza.

Jambo moja lisikabidhiwe kwa njia hii, nalo ni neno la siri la benki au la akaunti ya malipo ya simu. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mtumiaji mwingine anaweza kuorodhesha programu zinazoendelea na kuona kila kilichoandikwa katika mstari wa amri. Vilevile amri hubaki katika kumbukumbu ya kompyuta baada ya kazi kwisha. Bei ni ya kutangazwa. Neno la siri si la kutangazwa.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga utaratibu huu wana hoja 2, na zote zinastahili jibu.

Wa kwanza wanasema jedwali la Excel linatosha, kila mtu analielewa, na kiwango cha dola kinabadilishwa ndani ya kisanduku kimoja. Kwa duka la mtu mmoja hoja hiyo ina uzito. Kwa ofisi yenye vituo vingi na makarani watatu, jedwali hunakiliwa, kila nakala hupata kisanduku chake, na baada ya mwezi hakuna anayejua nakala ipi ni ya kweli. Benki ya JPMorgan Chase ya Marekani mwaka 2012 ilipata hasara iliyozidi dola bilioni 6 katika ofisi yake ya London. Hasara hiyo ilitokana na mambo mengi, lakini ripoti ya benki yenyewe ya mwaka 2013 ilieleza kuwa kielelezo cha kupima hatari kiliendeshwa kwa majedwali ya Excel yaliyohitaji kunakili na kubandika kwa mkono, na kwamba yalikuwa na makosa ya hesabu. Yaliyoishinda benki kubwa kiasi hicho hayatakuwa mepesi kwa chama cha msingi.

Wa pili wanasema karani si fundi wa kompyuta, na kumtaka aandike mstari mrefu wa amri kila siku ni kumtesa na kukaribisha makosa. Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake lipo. Vigezo vya wiki vinaweza kuandikwa katika faili dogo la mistari mitano, ambalo karani hulifungua Jumatatu asubuhi, hujaza dola iliyotangazwa na Benki Kuu, hujaza bei ya nyuzi, huweka tarehe na jina lake. Skripti husoma faili hilo na kukataa kufanya kazi kama tarehe yake imepitwa. Mstari wa amri unabaki na vigezo viwili tu: faili la wiki na jina la kituo.

Daftari lijieleze

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ofisi ya kompyuta, daftari ni ile taarifa ya Ijumaa, na taarifa isiyosema ilitokana na vigezo gani si daftari. Juu ya kila karatasi inayotoka iandikwe dola iliyotumika, bei ya nyuzi, uwiano, gharama, tarehe na aliyeiendesha. Hayo ni mistari miwili ya wino, na skripti huyaandika yenyewe kwa kuwa tayari imekabidhiwa.

Faida yake huonekana siku ya ugomvi. Mwanachama wa ushirika anapouliza kwa nini mzigo wake wa Juni ulihesabiwa tofauti na wa Julai, mwenyekiti asiye na kumbukumbu huanza kutafuta maneno, na wanachama huanza kutafuta mwizi. Mwenye kumbukumbu hurudisha vigezo vya Juni, huendesha skripti ile ile mbele ya wote, na jibu hutoka lile lile. Mara nyingi hakuna mwizi. Kuna dola iliyoshuka.

Kwa mwekezaji mdogo mwenye hisa zake chache katika kampuni ya ununuzi, hapo ndipo pa kuuliza katika mkutano wa mwaka. Asitosheke na kuonyeshwa faida. Aombe kuonyeshwa hesabu hiyo ingekuwaje kama dola ingekuwa chini kwa Sh 200, au kama nyuzi zingeshuka kwa senti 10. Ofisi ambayo vigezo vyake viko nje ya skripti itamjibu kabla chai haijapoa. Ofisi itakayomwambia arudi wiki ijayo, vigezo vyake vimekazwa mahali asipopajua mtu, na fedha zake zimekazwa pamoja navyo.

Ushauri huu haukomei kwenye pamba. Dengu na choroko za Simiyu zinauzwa kwa minada ambayo bei yake ni ya siku, na mchele na mahindi hubadilika bei kati ya gulio moja na jingine. Malori yanayopita njia ya Kolandoto, Lalago na Mwanhuzi hayabebi mzigo wa mwaka jana. Msimu ujao ukifika, kila mnunuzi aiite skripti yake na kuiambia kwa sauti dola ni ngapi leo. Ikiwa haitaki kuambiwa, fundi aitwe kabla lori la kwanza halijapakiwa.